Jirani kang'oa minyaa ya mpaka, faini nimepigwa mimi

Habari zenu ndugu zangu, naombeni ushauri, mwenzenu nimekwama.

Nina nyumba huku njia ya Chanika, kiwanja nilinunua 2010 kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Hakikupimwa, kama wengi tulivyonunua kipindi kile, mzee alitembea kwa miguu yake mwenyewe sisi tunahesabu, hatua 25 kwa 20, tukapanda minyaa mpakani, tukaenda serikali ya mtaa kuandikishiana, muhuri ukagongwa nikalipa na ile asilimia kumi. Nikajua nimemaliza.

2022 akahamia jirani mpya, kauziwa na mtoto wa yule mzee. Tumeishi vizuri tu, Idi tunapelekeana sahani. Mwezi wa tatu mwaka huu nimeenda msibani Tanga siku tisa, narudi nakuta minyaa yote imeng'olewa imelundikwa getini kwangu, utomvu bado unatoka, na msingi wa ukuta ushachimbwa mawe yamepangwa. Nimepima kwa kamba, kaingia kwangu kama mita moja na nusu, urefu wote.

Nikamfuata. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, karatasi yako inasema hatua, ya kwangu inasema mita, sasa hiyo ni hatua ya nani?" Nilikosa la kusema, maana aliyezipiga hizo hatua tumeshamzika. Anasema anipe laki tano yaishe.

Mimi ningeweza hata kukubali lakini pale pembeni ndipo lilipokuwa linapita gari la kunyonya maji taka kwenda kwenye karo nyuma. Sasa haliingii. Karo likajaa likaanza kuvuja uchochoroni, wiki mbili zilizopita kaja mtendaji wa kata na bwana afya na mgambo wawili, nikaandikiwa faini elfu hamsini na namba ya malipo hapo hapo, watoto wangu wanaangalia. Nikamshika mtendaji nikampeleka mpaka kwenye ukuta nikamuuliza huyu kibali cha ujenzi anacho? Akasema hayo ni mambo ya ardhi, yeye kaja kwa sheria ndogo ya usafi. Iliniuma sana jamani, nalipishwa uchafu ulioletwa na ukuta ambao hakuna anayeuuliza.

Naambiwa tangu 2021 baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu haliamui, na zikipita siku 30 bila muafaka ndio naruhusiwa kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Siku 30 ukuta si utakuwa umeezekwa na vigae juu! Kuna namna ya kupata zuio mapema? Na kuna mtu kaniambia nikishakaa zaidi ya miaka 12 bila kudaiwa mpaka huo ni wangu, hii inanisaidia hata kama yeye kanunua juzi tu? Shahidi aliyebaki ni mmoja, kahamia Masasi na miguu inamsumbua, maelezo yake yakiandikwa huko huko yatapokelewa? Au nitafute kwanza mpima binafsi, ila atapima nini wakati hakuna bikoni (alama ya mpaka ya wapima ardhi) hata moja?

Hiyo faini nilipe nisilipe?

Ukuta umefika kozi ya sita, mafundi wanarudi Jumatatu.