Majaribio ya mawe ya figo yafanyike na kwetu

Mhariri,

Makala yenu ya afya ya wiki iliyopita iliwashauri wenye mawe ya figo waache maziwa na dagaa, kwa hoja kwamba vyakula hivyo vina kalsiamu na mawe mengi yametengenezwa kwa kalsiamu. Naomba nafasi nijibu. Ushauri huo niliufuata miaka minne, sikuruka hata siku moja.

Mimi ni dereva wa mabasi ya mikoani, njia ya Dar es Salaam na Arusha, mwaka wa 19 sasa. Jiwe la kwanza lilinishika mwaka 2014, tumeshapita Same. Maumivu yalianza kiunoni upande wa kushoto, yakashuka hadi kinenani, jasho la baridi likanitoka mikono ikiwa bado kwenye usukani. Niliegesha pembeni nikamwita kondakta kwa mkono, maana sauti ilikuwa haitoki. Nikalala chini ya mti nagaagaa mbele ya abiria wangu. Mama mmoja mtu mzima akaniwekea kanga kichwani, akawaambia wenzake, "Mwacheni, huyu ana uchungu kama wa kuzaa."

Zahanati walinichoma sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, baada ya muda nikaweza kukaa. Mke wangu alipofika alikasirika kwamba nimepewa sindano ya kawaida tu, akataka nipewe kali zaidi. Miaka miwili baadaye yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Doha, nchini Qatar, ambako joto na mawe ya figo vinajuana vizuri. Wagonjwa 1,645 wenye maumivu haya haya waligawanywa kwa kura: wengine diklofenaki, wengine mofini, ile dawa kali ya maumivu, wengine parasetamoli ya mshipani. Baada ya nusu saa, maumivu yalikuwa yamepungua angalau kwa nusu kwa asilimia 68 ya waliochomwa diklofenaki, na asilimia 61 ya waliopata mofini. Sindano ya zahanati ilikuwa sahihi. (Si ya kila mtu lakini. Mwenye vidonda vya tumbo, figo zilizochoka au mimba kubwa amwambie daktari kabla hajachomwa.)

Kosa lilikuja baadaye, hospitalini, nilipoambiwa niache maziwa. Mimi ni mtu wa mtindi. Niliuacha, na dagaa nikaacha, mahali pake nikawa najaza sahani mchicha wa karanga mchana na usiku, nikiamini najitibu. Jiwe la pili lilikuja 2018. Siwezi kuapa kwamba mchicha ndio ulioleta. Ninachojua ni alichonisomea binti yangu anayesomea uuguzi, tumekaa barazani.

Kumbe suala la maziwa lilishapimwa. Madaktari wa Parma, Italia, waliwachukua wanaume 120 ambao mawe yalikuwa yakiwarudia na mkojo wao una kalsiamu nyingi. Sitini walipewa chakula chenye kalsiamu kidogo, ndio mtindo wa kuacha maziwa. Sitini waliachiwa kalsiamu ya kawaida, wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, katika kundi la kwanza watu 23 walikuwa wamepata mawe tena. Kundi la pili ni 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002, yaani miaka 12 kabla mimi sijaambiwa niache mtindi! Sababu yake binti alinieleza hivi: kalsiamu ya chakula hukamatana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya mboga, humo humo tumboni, vikatoka pamoja chooni. Ukiiondoa kalsiamu, oksaleti inabaki peke yake, inapita kwenye damu hadi kwenye figo, na huko ndiko inakoshikana kuwa jiwe. Mchicha una oksaleti tele. Karanga nazo zinayo.

Simlaumu daktari wangu kwa chuki. Alinipa alichofundishwa. Ila ninauliza: jambo lililopimwa na kuandikwa linachukua miaka mingapi kufika kwenye chumba cha daktari, au kwenye ukurasa wa gazeti?

Na yapo yaliyogeuka karibuni. Kuna kidonge cha haidroklorothiazaidi, ambacho wengi wanakijua kama dawa ya presha. Kwa miaka mingi kilitumika pia kuzuia mawe yasirudi. Waswisi wakakipima kwa watu 416, dozi tatu tofauti, huku kundi la nne likimeza kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba dawa haikuonyesha kuzuia mawe kuliko kile kidonge kitupu. Wenye presha wasiache dawa yao kwa kusoma barua hii. Kwa presha inafanya kazi yake.

Sasa nifike kwenye kinachonigusa zaidi, maji. Hao hao wa Parma walichapisha mwaka 1996 jaribio la watu 199 waliokuwa wamepata jiwe mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji hadi mkojo wa siku ufike lita mbili, nusu wakaendelea na maisha yao. Katika miaka mitano jiwe liliwarudia 12 kati ya 99 wa kundi la maji, na 27 kati ya 100 wa kundi la pili. Hakuna dawa ya kununua hapo. Lakini tazameni vizuri: ni lita mbili za mkojo, si lita mbili za maji. Mtu anayekaa juu ya injini ya basi kuanzia Chalinze hadi Moshi anazimaliza lita mbili kwa jasho kabla hazijafika kwenye kibofu. Anatakiwa kunywa ngapi? Sijaona jaribio lililofanywa kwa dereva wa kwetu, wala kwa mvuvi, wala kwa fundi anayemwaga zege saa saba mchana.

Tena sisi madereva hatunywi, na sababu yake kila abiria anaifahamu. Kusimama kuchimba dawa ni porini, ratiba inabana, askari wa barabarani wanaangalia saa. Basi mtu anakunywa kikombe cha chai alfajiri, anasubiri Korogwe. Wamarekani wameliona tatizo hilo kwao, wakaandikisha watu 1,658 waliowahi kupata mawe, wakawapa chupa zinazojihesabia maji yaliyonywewa. Kundi moja likaongezewa mshauri na zawadi ya fedha kwa anayefikia kiwango. Swali lao lilikuwa kama mtu akisaidiwa kunywa maji, mawe yatapungua. Kwetu huenda msaada wenyewe ni choo safi kila baada ya saa mbili za safari. Hilo nalo linapimika.

Watu wataniambia Mtanzania hataki kujaribiwa. Nikiwa Korogwe huwa nakumbuka kwamba chanjo ya malaria ilijaribiwa hapo hapo na Bagamoyo, na kwa jirani zetu Kilifi na Siaya. Zaidi ya watoto 15,000 wa Afrika waliingia, kwa ridhaa ya wazazi wao, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Walikuwa watoto wa wakulima na wavuvi.

Halafu tuseme ukweli. Kila wiki ndani ya basi langu anapanda mtu pale stendi, anasimama katikati ya viti, anauza chupa ya kuyeyusha mawe ya figo, ya nguvu za kiume na ya vidonda vya tumbo, chupa moja kwa yote. Nawaona abiria kwenye kioo wakitoa noti. Mimi mwenyewe nimenunua chupa tatu. Hayo ndiyo majaribio, Mhariri, ila hayana kibali, hayana fomu ya ridhaa, na hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniuliza jiwe limetoka au limebaki. Jaribio la haki hapa nchini lazima lipite NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa upande wa maadili, na kama ni la dawa lipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mshiriki anaelezwa, anaweza kujitoa wakati wowote, na anafuatiliwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Gazeti lisahihishe ile makala, kwa herufi zile zile kubwa ilizotoka nazo. Na vyuo vyetu vya tiba vije kupima maji na mawe kwa madereva. Nimeshazungumza na wenzangu 11 wa njia ya kaskazini. Sita kati yao wameshawahi kulala chini ya mti kama mimi, na wote wako tayari kutia sahihi. Tunapatikana stendi ya Magufuli, Mbezi, kuanzia saa kumi alfajiri.

Dereva wa mabasi ya mikoani,
Dar es Salaam