Tuambieni nani anamlipa mwenye shaka

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wenu wa wiki iliyopita kuhusu moshi wa magari mliwapambanisha watu wawili: daktari wa mapafu upande wa kushoto, na upande wa kulia bwana mmoja mliyemtambulisha kuwa ni "mshauri wa masuala ya nishati". Kila mmoja alipewa safu yake na picha yake, urefu uleule, ukubwa uleule. Daktari alisema moshi unaua. Mshauri hakuthubutu kusema kwamba haudhuru. Yeye alisema utafiti bado unaendelea, tusikurupuke. Nilirudia kuisoma safu yake nikitafuta analipwa na nani, sikuona.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, sasa mstaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima madini kwenye maji na udongo, hasa risasi. Hiyo "bado unaendelea" naijua vizuri. Kuna wakati tulipima maji yaliyotoka kwenye karakana moja, tukapata mikrogramu 38 za risasi kwa lita, jumlisha au toa 3. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi 10. Mwakilishi wa wenye karakana akaja na nakala ya ripoti, akaweka ncha ya kalamu kwenye ile "jumlisha au toa" na kuuliza kwa upole kabisa: "Kwa hiyo hata ninyi wenyewe hamna uhakika?" Nikamwambia, toa hizo tatu, zinabaki 35. Akatabasamu, akashukuru, akaondoka. Barua aliyowaandikia wakubwa wake ilisema maabara imekiri kuwa majibu hayana uhakika. Kosa la kipimo, ambalo tuliliandika kwa sababu ya uaminifu wa kazi, likageuzwa kuwa utetezi wa mchafuzi.

Ndiyo maana kisa cha risasi kwenye petroli sikisahau. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa kemikali yenye risasi ikitiwa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ikaingizwa sokoni kwa jina la Ethyl, ambalo halitaji risasi popote. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil waliokuwa wakiitengeneza kemikali hiyo huko New Jersey, Marekani, walikufa, wengine wakapandwa na wazimu. Siku chache baadaye Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele yao na kuinusa kwa dakika nzima. Hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa sumu hiyohiyo na kulazimika kwenda kupumzika.

Hayo lakini ni maigizo, na maigizo huchuja upesi. Aliyefanya kazi iliyodumu ni Robert Kehoe, daktari mtaratibu, mwenye maabara katika Chuo Kikuu cha Cincinnati na fedha za haohao wauza risasi. Hoja yake ilikuwa safi kuitazama: risasi imo mwilini kwa asili, mwili huitoa, na chini ya kiwango fulani haina madhara, anayepinga alete ushahidi. Na ushahidi ungetoka wapi, ikiwa kwa miaka kama arobaini tafiti nyingi za suala hilo zilifanywa na yeye au kwa fedha za watu wake? Aliwapima hata wakulima wa Meksiko walioishi mbali na magari, akawakuta nao wana risasi, akasema mnaona, ni ya asili. Wakulima hao walikuwa wakila kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi.

Aliyembomoa hakuwa hata daktari. Clair Patterson, mwanakemia wa miamba wa Marekani, alikuwa anatafuta umri wa dunia kwa kupima risasi iliyomo kwenye kimondo, na kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi: kwenye vyombo, kwenye maji, kwenye vumbi la hewani, hata kwenye nywele za watu. Wenzangu wa maabara watanielewa. Sampuli tupu, ile isiyotakiwa kuwa na kitu, inakupa namba, na usiku hulali. Alisugua maabara yake kwa miaka, na mwaka 1956 akatangaza kuwa dunia ina miaka bilioni 4.55. Halafu akauliza swali ambalo Kehoe hakuwa na sababu ya kuliuliza: uchafu wote huu unatoka wapi? Mwaka 1965 alichapisha kwamba kile kinachoitwa kiwango cha kawaida mwilini si cha asili hata kidogo, ni uchafuzi wetu wenyewe. Mwaka uliofuata wote wawili walitoa maelezo mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Fedha za wenye mafuta alizokuwa akipata Patterson zikakauka. Mwaka 1971 Baraza la Taifa la Utafiti la huko lilipounda jopo la kuchunguza risasi hewani, yeye aliachwa nje. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hesabuni wenyewe tangu 1921.

Wenye sigara waliifanya kazi hii kwa ufundi zaidi, tena kupitia kwenu, Mhariri. Desemba 1953, majaribio yalipoonyesha kuwa lami ya sigara ikipakwa kwenye ngozi ya panya inaleta saratani, wakuu wa kampuni walikutana hotelini New York pamoja na mtaalamu wa uhusiano wa umma. Januari 1954 walinunua nafasi katika magazeti zaidi ya 400 wakiahidi kugharimia utafiti. Watu husahau kwamba ahadi hiyo waliitimiza. Walitoa fedha nyingi, na sehemu kubwa ilikwenda kwa wanasayansi halali waliochunguza mambo halali: urithi, virusi, jinsi seli zinavyokua. Kila kitu kilistahili kuchunguzwa zaidi, ilimradi mtu asiseme kwamba kuhusu sigara tumeshajua ya kutosha. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni ya Brown & Williamson uliandika bila haya: "Shaka ndiyo bidhaa yetu." Mwaka 1994 wakuu saba wa kampuni za sigara walikuwa bado wanakula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kusema hawaamini kuwa nikotini inamfanya mtu awe mtumwa wake.

Sisemi kila mwenye shaka amenunuliwa. Patterson naye alikuwa mwenye shaka, tena mkaidi. Ila yeye alileta vipimo vyake mezani na kila mtu angeweza kuvirudia. Mshauri wenu hakuleta hata kimoja. Mtu kama huyo hahitaji kushinda mjadala. Akipata nusu ya ukurasa ameshamaliza kazi, kwa sababu msomaji anafunga gazeti akijua kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani, na mwaka mwingine unapita. Mnadhani mmetenda haki kwa pande zote mbili, kumbe upande mmoja ulichotaka ni hiyo nusu tu.

Sitaki mumfungie mlango. Naomba mambo mawili. Chini ya jina la kila mtaalamu, upande wowote aliopo, andikeni anapata wapi fedha zake, na akikataa kusema, andikeni kwamba amekataa. Pili, mwandishi wenu amuulize swali hili na kuchapisha jibu lake: ni matokeo gani yakipatikana utakubali kwamba moshi huu unadhuru? Daktari wa kweli atakutajia namba, na atakwambia pia ni namba gani itakayomfanya yeye abadilishe msimamo. Mwingine atakwambia suala ni pana.

Najua barua yangu ni ndefu kuliko mnavyopenda. Mkilazimika kupunguza, kateni habari ya Midgley na mikono yake, ingawa ndiyo inayochekesha. Ya Kehoe iacheni kama ilivyo.

Fundi sanifu mstaafu