Mangi, kabla hujasaini hiyo karatasi

Mangi wangu,

Habari za siku nyingi, mama hajambo, watoto hawajambo, ng'ombe kashazaa? Haya. Najua umeninunia na una haki, miezi mitatu kimya, voisi zako nne zimekaa tu kwenye simu na ile ya mwisho umemalizia "haya bwana mzungu" nikajua hapa nimeshakula hasara. Samahani sana. Nilikuwa napiga shifti za usiku kule kwa wazee, asubuhi narudi nalala kama gogo, nikiamka ni giza tena naingia kazini, baridi ya huku mwezi huu sikuombei. Msiba wa kina Shoo niliusikia, rambirambi nilimpa Eliya, sijui kama alifikisha au alipitia pale kwa Mama Ndeshi kwanza.

Sasa hilo la kuuza kile kipande cha kihamba, shamba la ukoo, cha kule chini ili ufungue baa. Nimeanza kukuandikia mara mbili nikafuta, maana kila nikiandika nasikika kama baba mdogo kwenye kikao cha ukoo. Ila Jumapili nilikuwa ofu nikapanda feri hapa Sydney, Australia, pale karibu na lile jengo la Opera, nikapanda nayo mto Parramatta mpaka kituo kinaitwa Kissing Point, usicheke ndo jina lake, na huko kuna habari ya mtu mmoja nikasema huyu lazima Mangi amsikie.

Anaitwa James Squire. Mwizi wa kuku. Sikutanii, 1785 huko Kingston Uingereza alipatikana na hatia ya kuiba kuku wa watu akapewa miaka 7 ya kuhamishiwa ng'ambo, akaletwa na zile meli 11 za kwanza zilizofika hapa Januari 1788. Hata hajakaa sawa, 1789 kashtakiwa tena kwa vitu vya stoo ya hospitali, pilipili manga na majani fulani machungu ya dawa. Hukumu viboko 300, 150 apigwe papo hapo na vilivyobaki akishapata nguvu ya kuvipokea, yaani deni la viboko unalipa kwa awamu kama mkopo wa saccos. Watu huku wanaamini yale majani yalikuwa ya kutia uchungu kwenye bia, kwa sababu hopsi zenyewe, yale maua yenye kazi hiyo, hazikuwepo. Nilicheka peke yangu kwenye feri, si ndo msesewe huo! Nikamkumbuka bibi yako na lile gome lake kwenye mbege, na siku ile alizidisha wageni wakakunja sura wote hakuna aliyethubutu kusema.

Kifungo kikaisha, 1795 akapewa ekari 30 hapo mtoni. Enzi hizo mto ndo barabara, boti zinatoka Sydney kwenda Parramatta na yeye yuko katikati ya safari, abiria wana kiu, akaweka baa akaiita Malting Shovel, lile koleo la kugeuzia kimea. Lokesheni mzee! Kama njiapanda yetu pale ambapo Hiace lazima zipumzishe injini. Hopsi alihangaika nazo miaka, 1806 zikakubali, akazibeba akampelekea gavana King na gavana alivyofurahi akaamuru apewe ng'ombe kutoka kundi la serikali. Ng'ombe! Hapo nikajua huyo gavana ana ndugu Kibosho.

Sasa hapa soma polepole. Majirani zake nao walipewa mashamba ya serikali, wengi hata kushika jembe hawajui, wakashindwa, wakauza. Na mnunuzi ni nani? Huyo huyo mwenye pombe. Kutoka ekari 30 akafika karibu 1,000, na bia inaendelea, na nyama anauza, na kukopesha watu anakopesha. Bia ndo ilimnunulia ardhi Mangi. Wewe unataka uuze ardhi upate bia, sasa hapo kwenye hii hadithi wewe ni Squire au ni wale majirani? Mimi naona majirani, tena wale ambao majina yao hakuna anayeyakumbuka. Yeye alipokufa 1822 alizikwa na umati, na mjukuu wake mmoja 1877 akawa waziri mkuu wa jimbo zima la New South Wales. Kwa kuku wale.

Halafu kuna hili la kaburi na ndo limefanya niandike, maana kwenye simu ungenikatisha.

Pale shambani kwa Squire alikuwa anaishi mwenyeji mmoja, Bennelong, mtu wa kabila la Wangal, watu wa mto huu huu. Gavana wa kwanza, Phillip, alituma watu wamkamate 1789 kwa nguvu ili wajifunze lugha kwake, baadaye wakaelewana, 1792 akapanda naye meli kwenda Uingereza, 1795 akarudi. Lile jengo la Opera ambalo kila mtu ananiomba picha yake limesimama kwenye Bennelong Point, jina ni lake. Miaka yake ya mwisho alikaa kwa Squire wakaelewana vizuri, na alipofariki tarehe 3 Januari 1813 akazikwa kwenye bustani ya matunda ya Squire. Wanamsifu Squire kwa hilo, na mimi namsifu, wengine wakati ule wasingejisumbua. Lakini fikiria, mtoni kwao kabisa, halafu kaburi analipata kwa hisani ya mwizi wa kuku kwa sababu mwizi wa kuku ndiye mwenye hati.

Na haikuishia hapo. Squire kafa, shamba baadaye likakatwakatwa viwanja, watu wakajenga, kaburi likapotea. Miaka mingi mno hakuna anayejua lilipo, mpaka watu wakakaa na makaratasi ya zamani wakalitafuta, 2018 serikali ya jimbo ikanunua nyumba ya kawaida tu hapo Putney maana inaaminika liko hapo. Nimetembea mitaa ile. Mtu anakata nyasi, mwingine anaosha gari, mbwa anabweka. Nikasimama kama mjinga mpaka yule wa gari akaniuliza kama nimepotea.

Kule chini unakotaka kuuza yuko babu yako. Yuko shangazi. Yuko na mdogo wako tuliyemzika tukiwa darasa la tano, mvua inanyesha na migomba imetuinamia wote. Huyo mteja wako atasema makaburi hatayagusa, sawa, hata mimi ningekuwa nanunua ningesema hivyo hivyo. Na mwanawe je? Na atakayemuuzia mwanawe?

Najua utasema huyu yuko Ulaya anakula maisha (Ulaya yenyewe hata sio), rahisi kwake kuongea. Kweli. Kwa hiyo nina milioni mbili nilizotenga za tiketi ya Desemba, nakutumia hizo, na ya kutolea humo humo usianze. Anza na kibanda njiapanda, mbege ya mama, mtori asubuhi, nyama Jumamosi. Baa ya kioo na mafriji itakuja. Desemba basi tena, ila kwa mama yangu nakuomba uende wewe ukamwambie kwa ustaarabu, mimi kwenye simu siwezi, ataniuliza kama nimeoa huku.

Sasa nijibu: huyo mnunuzi ni nani, ni wa hapo au wa mjini? Advansi umeshapokea? Kama umepokea umeila kiasi gani, sema ukweli. Baba mdogo anajua? Mke wako amesemaje, maana kwenye voisi zote nne hujamtaja hata mara moja nikashtuka. Leseni ya vileo siku hizi mnachukulia wapi, na wanachukua muda gani? Ulezi uko bei gani sokoni? Na ule msesewe wa mpakani bado upo, au nao mlishaukata kuni?

Andika, usitume voisi, nikizisikiliza kwenye treni watu wote wananigeukia unavyopiga kelele.

Wako,
Mtoro