Okidi ya mwembeni si kirukia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niitetee okidi ya manjano yenye madoa ya kahawia, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana na ambayo huku pwani huota juu ya mibuyu, mikoche na miti mingine mikongwe.

Miezi mitatu iliyopita jirani yangu alipanda juu ya mwembe wake akiwa na panga, akaangusha kichaka kizima cha okidi hiyo kwa kuamini kwamba ni kirukia kinachounyonya mti. Kirukia hupenyeza mizizi ndani ya tawi. Okidi hushika gome kwa nje tu. Nilipokigeuza kichaka kile mkononi niliona mizizi ya aina mbili: minene iliyokuwa imelala kwenye gome, na mingine myembamba, mikali kama sindano, iliyosimama kuelekea juu na kunasa majani makavu ya mwembe pamoja na kinyesi cha ndege. Majani hayo yakioza, mvua huyageuza kuwa chakula cha okidi, na utomvu wa mwembe haujaguswa.

Ndiyo maana huniuma kuiona ikiuzwa kando ya barabara ikiwa imeshindiliwa udongo ndani ya kopo. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe kama sifongo, linalofyonza maji upesi na kisha kuhitaji hewa, udongoni huoza. Mwenye kuipata aifunge kwa kamba ya mkonge kwenye shina lenye gome la kukwaruza, au aiweke katika chungu chenye matundu, kilichojazwa vipande vya mkaa na makumbi ya nazi yaliyolowekwa kwanza ili chumvi itoke, mahali penye mwanga mwingi pasipopigwa na jua la adhuhuri. Aimwagilie sana machipukizi yanaporefuka, apunguze maji yakishakomaa, wala asiikate ile mizizi ya sindano akidhani imekufa.

Wauzaji nao nawasihi waache kuing'oa porini. Mbegu yake ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, haioti porini bila msaada wa kuvu, hivyo kichaka cha ukubwa wa ndoo ni kazi ya miaka mingi. Aliyenayo nyumbani anaweza kuigawa, kila kipande kikibaki na mashina matatu au manne.

Kichaka cha jirani nimekirudisha, kwa idhini yake, juu ya mwembe uleule, na juzi nimeona mzizi mpya wenye ncha ya kijani umeanza kushika gome.

Msomaji wako,
Tanga