Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu: Tunaomba Kufuli Liondolewe

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

KUH: OMBI LA KUFUNGULIWA KWA CHUMBA CHA KOMPYUTA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza niliziandika kwa kufuata ngazi, kupitia kwa Mkuu wa Shule na Afisa Elimu Kata, na nakala zake ninazo zikiwa na mhuri wa kupokelewa, lakini hakuna hata moja iliyojibiwa. Ndiyo maana hii ninaiandika hadharani. Jina la shule silitaji, kwa kuwa unaifahamu vizuri: ni sekondari ya kata katika milima hii ya Mbeya, ambako mwezi Machi mwaka jana ulifika mvua ikinyesha, ukakata utepe wa chumba cha kompyuta, ukawaambia wazazi waliosimama chini ya miavuli kwamba watoto wao sasa hawatapitwa na watoto wa mjini. Uliahidi mambo matatu siku ile. Mtaalamu wa TEHAMA angefika kila mwezi, vifaa vya kuzilinda kompyuta umeme unapopanda na kushuka vingeletwa kabla ya Pasaka, na walimu wa masomo yote wangepewa mafunzo. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo, pamoja na tarehe. Pasaka imepita mara mbili.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, maafisa wawili kutoka ofisini kwako waliingia katika kipindi changu cha Kiingereza, Kidato cha Pili B, wakawaamuru wanafunzi watoke, wakafunga mlango kwa kufuli walilokuja nalo, na ufunguo wakaondoka nao. Hawakuwa na barua. Walisema tu kwamba kompyuta moja imeungua na kwamba chumba kitabaki kimefungwa hadi uchunguzi ukamilike. Ni kweli, moja iliungua. Umeme ulikatika Ijumaa iliyotangulia, ukarudi kwa nguvu, na kile kifaa cha kuulinda mtambo, kile cha kabla ya Pasaka, hakikuwapo. Niliripoti mwenyewe siku hiyo hiyo kwa maandishi, na ninavyoona, taarifa hiyo niliyoitoa kwa uaminifu ndiyo iliyotuletea kufuli.

Nadhani kinachoogopwa ni hoja ya ukaguzi, na kama nimekosea niko tayari kusahihishwa. Kompyuta iliyoharibika ikiwa mikononi mwa wanafunzi huzaa maswali, ilhali iliyokaa kwenye boksi lake miaka mitano haimsumbui yeyote, kwa kuwa mkaguzi akija kuhesabu ataikuta. Lakini zile kompyuta hazikuletwa kwetu zihesabiwe. Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ni ya mwaka 2007, na wanafunzi wote niliotolewa nao darasani Jumanne ile walikuwa hawajazaliwa ilipoandikwa.

Naomba nieleze kilichokuwa kikifanyika humo ndani, kwa sababu nahisi hakuna aliyewahi kukueleza. Kidato cha Pili B kina wanafunzi 72. Vipindi viwili vinavyofuatana ni dakika 80, na ukitoa muda wa mahudhurio na maelekezo zinabaki kama 70, kwa hiyo nikisema kila mmoja asimame azungumze Kiingereza, hata dakika moja kamili haimfikii. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Walipoingia Kidato cha Kwanza walikutana na baiolojia, jiografia na hisabati kwa lugha ambayo wengi wao hawajawahi kuizungumza na mtu yeyote nje ya darasa. Dakika isiyotimia, tena mara chache kwa wiki, haiwezi kumfundisha mtu kusema. Katika chumba kile, kompyuta 18 zikifanya kazi kati ya 20 tulizopokea, walikaa wanne wanne, na kila mmoja alipata zaidi ya robo saa ya kusoma kwa sauti, kujirekodi na kujisikiliza.

Kujisikiliza ndiko kulikobadilisha mambo, na hapa naomba univumilie. Programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, humwonesha mwanafunzi sauti yake kama mawimbi kwenye skrini, akaweza kulichagua neno moja na kulirudia mara kumi bila mwenzake kumcheka. Wengi wa wanafunzi wangu wamelelewa kwa Kinyakyusa au Kisafwa, na sauti r na l huwachanganya katika Kiingereza na katika Kiswahili pia. Aliyekusudia kusema "kura" ikatoka "kula", au "mahari" ikatoka "mahali", hajui kwamba amekosea mpaka masikio yake mwenyewe yamwambie. Kwa miaka kumi na moja nimewasahihisha kwa mdomo, wakaitikia "ndiyo, mwalimu", wakarudia vilevile. Binti mmoja alipojisikiliza kwa mara ya kwanza alivua hedifoni, akanitazama, akasema, "Kumbe ndivyo ninavyosema!" Kisha akajirekodi upya bila kuambiwa, mara sita, mpaka kengele ikalia. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumwona mtoto akirudia zoezi la matamshi mara sita kwa hiari yake.

Somo la Kiswahili nalo lilinufaika, ingawa lilianza kwa maumivu. Kila neno la Kiswahili walilochapa lilipigiwa mstari mwekundu, kwa kuwa kompyuta zilikuja zimepangwa kwa Kiingereza, na mvulana mmoja akaniuliza kama Kiswahili chote ni kosa. Swali lile liliniuma. Nikaweka LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, pamoja na kamusi yake ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na tangu hapo mstari mwekundu ukawa unaonesha kosa la kweli: "amboye" badala ya "ambaye", na neno "kwahiyo" lililoandikwa kwa pamoja. Hili si jambo jipya nchini. Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilitoka mwaka 2004. Mtoto wa Kitanzania hapaswi leo kuiona lugha yake ikichorewa mstari kana kwamba yote ni dosari.

Intaneti haikufika, nami sikuingoja. Kompyuta yangu mpakato niliifanya seva, nikaunganisha ruta ya zamani isiyo na bando lolote, na kwa kutumia Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizopakuliwa bila kuhitaji intaneti, wanafunzi wakawa wanasoma Wikipedia ya Kiswahili na ile ya Kiingereza rahisi, zote zikiwa zimehifadhiwa humo ndani. Kuzipakua kulinigharimu Jumamosi mbili katika steshenari moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa nauli na malipo yangu. Hedifoni 18 nilizinunua kidogo kidogo, mwezi huu mbili, mwezi unaofuata tatu. Mkopo niliochukua kununua ile kompyuta mpakato bado unakatwa kwenye mshahara wangu, na mwenzangu nyumbani ameacha kuniuliza habari zake. Sidai nirudishiwe hata senti moja. Ila naomba ujue kwamba kufuli la maafisa wako limeifungia ndani na kompyuta yangu, ikiwa na maandalio ya masomo ya mwaka mzima na sauti za wanafunzi nilizokusanya tangu mwaka jana ili niwaoneshe walikotoka. Barua hii ninaiandika kwa simu, kidole kimoja, usiku, nje kukiwa na baridi ya Agosti.

Najua nitaambiwa kwamba ninacho kishikwambi. Ni kweli ninacho, kimojawapo ya vile vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu, na ninakishukuru, kwa kuwa ndicho ninachosomea usiku. Lakini kishikwambi kimoja mbele ya watoto 72 hakimpi hata mmoja wao nafasi ya kusema.

Tangu Jumanne nimerudi ubaoni. Ninasema, wanaitikia kwa pamoja, na katika sauti ya watu 72 siwezi kumtambua aliyepatia na aliyekosea. Yule binti alinifuata juzi nje ya ofisi ya walimu akauliza ni lini atajirekodi tena. Nilimwambia wiki ijayo. Sikuwa na haki ya kumpa ahadi hiyo, kwa kuwa ufunguo uko kwako, na sasa nimekuwa mtu mzima mwingine aliyemwahidi jambo katika chumba kile.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na maombi mengi: mtaalamu, kifaa cha kulinda umeme, mafunzo, nyaya, madirisha yasiyoingiza ukungu. Yote bado tunayahitaji, na yameandikwa katika barua tatu zilizoko ofisini kwako. Uchunguzi wa kompyuta iliyoungua uendelee, hata ikibidi niitwe nihojiwe nitafika, na kompyuta hiyo ichukuliwe. Zile 17 hazijaungua. Kama kuna hofu ya umeme, nitakuwa ninazizima na kuchomoa waya zote kila kipindi kinapokwisha, na nitasaini popote utakaponielekeza kwamba dhamana ni yangu.

Ninachoomba leo ni ufunguo. Mtume mtu yeyote aulete, au mwagize Mkuu wa Shule aje auchukue, au niite mimi nije kwa miguu. Vipindi viwili vya Kidato cha Pili B ni Jumanne, saa nne asubuhi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili,
Sekondari ya kata, Mkoa wa Mbeya.