Mnara wa Madurai ni lango tu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mahekalu ya kale ya Kihindu kusini mwa India niliisoma mara mbili kwa furaha, ila maelezo yaliyowekwa chini ya picha ya hekalu la Meenakshi mjini Madurai yalinikera, kwani yalidai kwamba ule mnara mrefu uliojaa sanamu za rangi ndio makao ya mungu. Sivyo. Mnara huo huitwa gopura, nao ni lango. Ule wa upande wa kusini una urefu wa takriban mita 50, lakini anayepita chini yake anaingia uani tu. Meenakshi na mumewe Shiva wamo ndani zaidi, katika vyumba vidogo vya mawe ambavyo paa zake, ingawa zimepambwa kwa dhahabu, ni fupi mno zikilinganishwa na malango.

Naelewa kosa lilikotoka. Mahekalu tunayoyaona hapa Kisumu na Nakuru yalijengwa zaidi na watu wenye asili ya Gujarat na Punjab, na katika ujenzi wa kaskazini mwa India mnara mkuu husimama juu ya chumba cha mungu. Hata kusini mambo yaliwahi kuwa hivyo. Hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur, lililokamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, lina mnara wa mita 60 na ushei juu ya patakatifu penyewe, na malango yake ni mafupi. Wafalme wa karne za baadaye, badala ya kubomoa patakatifu palipoachwa na waliowatangulia, walipazungushia kuta mpya na kuzijengea malango marefu zaidi. Katika hekalu la Srirangam, huko huko kusini, kuta zimefika saba na minara 21, na ule wa nje kabisa ulikamilika mwaka 1987, kwa hiyo neno "kale" nalo lilihitaji uangalifu.

Mimi ni mwashi, na kwangu tofauti kubwa imo katika mawe. Thanjavur ni graniti tangu msingi hadi kileleni, vipande vikishikana kwa uzito na kwa mikato yake bila saruji, ilhali gopura ya Madurai ni jiwe chini tu. Juu ni matofali yaliyopigwa chokaa, na ndiyo sababu sanamu zake hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kadhaa. Nikipita Kit Mikayi na kuyatazama yale majabali yaliyobebana, huwakumbuka pia mafundi wa Mahabalipuram, mji wa pwani kusini mwa India, ambao katika karne ya 7, chini ya wafalme wa Pallava, walichonga miamba mizima ikawa mahekalu, wakianzia juu na kushuka. Baadhi yaliachwa bila kukamilishwa sehemu za chini, na anayejua tindo ataona mara moja kazi ilikokomea. Fundi wa namna hiyo akikosea hana jiwe la kuongeza.

Naomba mchapishe sahihisho, na mkiweza, muweke picha ya Thanjavur kando ya ile ya Madurai ili msomaji ajionee mwenyewe mnara uko wapi na mungu yuko wapi.

Fundi mwashi,
Kisumu