Siku ya kwanza melini, vaa ukifikiria jioni

Mhariri,

Wengi wanaopanda meli ya kitalii mara ya kwanza huvaa kwa ajili ya picha, wakasahau sanduku. Ukishalikabidhi bandarini hupitishwa kwenye ukaguzi, na huenda likakufikia chumbani jioni. Basi nguo uliyovaa ndiyo ya kutwa: ya pamba, nyepesi, pamoja na sweta, maana kumbi za ndani zina kiyoyozi kikali. Viatu viwe bapa, vya soli ya mpira. Sitaha ikilowa, soli ya ngozi huteleza. Mazoezi ya dharura, ambayo abiria wote hushiriki, hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na ngazi ni nyingi. Mwenye buibui alipandishe kidogo, pindo lisikanyagwe. Pasipoti, dawa na nguo ya kuogelea vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe visiingie sandukuni.

Msomaji,
Mombasa